Uwanja wa makoro: kisa cha kipande kimoja cha ardhi huko Murara, Goma

Ukitoka uwanja wa ndege wa Goma, mji wetu wa mashariki ya Kongo, unashuka kuelekea Birere, ukikata ndani kidogo upande wa Murara, utafika fasi (mahali) moja ambayo kwa miaka mingi hakuna mtu aliipa jina. Tulisema tu "kule kwa makoro". Kwa wale wasiojua Goma, makoro ni mawe ya volkano, yale meusi yenye matundu, ukianguka juu yake goti linafunguka kama limepigwa wembe. Huku kwetu yako kila fasi, tunajengea, tunakalia, tunarushiana tukiwa watoto. Lakini pale yalikuwa mengi kupita kiasi, mgongo mzima wa lava iliyoganda katikati ya nyumba, na juu ya mgongo huo takataka za avenyu nne.

Nataka nieleze vile fasi hiyo ilikufa, vile watu walijaribu kuifufua wakashindwa, na vile ilikuja kufufuka kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Mimi nilikuwa ndani ya komite ya kwanza, ile iliyoshindwa, kwa hiyo mengine nitakayosema ni aibu yangu mwenyewe.

Tuanzie 2002. Tarehe 17 ya mwezi wa kwanza volkano yetu, Nyiragongo, ilipasuka, lava ikashuka ikapita juu ya kiwanja cha ndege, ikakata mji vipande viwili, ikameza katedrali na katikati ya mji, ikaenda kuzimikia ndani ya ziwa Kivu. Watu karibu 120,000 walibaki bila nyumba. Wengi walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, na baada ya siku chache tu wakarudi, mawe bado yana moto chini, wakaanza kupanga mbao juu yake. Njo maana Goma iko na nyumba nyingi za mbao, kuchimba msingi ndani ya lava ni kazi ya pesa, mbao unasimamisha tu. Wazee wa avenyu yetu wanasema kabla ya lava pale kulikuwa bomba la maji la watu wote na kiwanja ambapo watoto walipiga mpira. Kwenye plan ya kartie (mtaa) iliandikwa fasi ya watu wote. Baada ya lava kila mtu alitafuta mpaka wa parseli yake (kipande chake cha ardhi), wengine kwa kubahatisha, lakini ule mgongo hakuna aliyeutaka juu (kwa sababu) ulikuwa mgumu na mrefu kama mtu amesimama. Ilikuwa bahati yake, lava iliua uwanja na lava hiyohiyo ikaulinda usiuzwe. Nimefikiria hiyo mara mingi.

Kisha takataka. Ni nani aliyeanza sijui, labda ilikuwa mfuko mmoja usiku. Goma haina mto wala mifereji mingi, mvua ikinyesha maji yanaingia mu matundu ya mawe yanapotea, kwa hiyo uchafu haubebwi na kitu, unabaki pale unapanda. Kufikia 2018 ilikuwa kilima juu ya kilima. Njia ya mkato ilipita pembeni, wanafunzi walipita wakiziba pua, na jioni hakuna mama angemtuma mtoto apite pale.

Niseme kitu kimoja juu ya mji wetu. Fasi za watu wote Goma karibu zote ni za kupita, si za kukaa. Tuko na rond-point Signers, rond-point Instigo, tuko na ile ya Chukudu yenye sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu anasukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo, iko hapo tangu 2009, nzuri kweli, unapiga picha unaenda. Kukaa utakaa wapi? Upande wa ziwa, sehemu kubwa ya mwambao imezibwa na kuta za hoteli na nyumba za wakubwa, mtu wa kawaida anafika kwenye maji kwa matundu machache kama Kituku, na pale anaenda juu ya kazi, si kupumzika. Hata tamasha ya Amani, kubwa kuliko zote mjini, ilikuwa inafanyika ndani ya uwanja wa shule, Collège Mwanga. Kwa hiyo mtu akikuambia kipande kidogo cha Murara si kitu, muulize yeye watoto wake wanachezea wapi. Atakujibu: barabarani, kati ya motari (watu wa teksi za pikipiki).

Proje ya kwanza ilikuja 2019. Mwaka ule Goma ilijaa mashirika juu ya Ebola, kila kona ndoo ya kunawa mikono, na shirika moja ambalo sitalitaja likatafuta vijana wa kartie wa "kurembesha mazingira". Tulikuwa saba ndani ya komite, wote tumesoma, wote tunaongea Kifaransa kizuri. Tulifanya mkutano ndani ya salle ya kanisa, kwa Kifaransa, tukaandika kwamba kuna "machafuko ya biashara" pale pembeni. Machafuko yenyewe walikuwa mama watano wanaouza sambaza (samaki wadogo wa ziwa), makala (makaa) na nyanya kwenye njia ya mkato, na motari sita wanaosubiri wateja. Tukawahamisha. Tuliwaambia kwa heshima, "mama, mtusamehe, ni kwa ajili ya uzuri wa kartie", wakatuangalia tu. Mmoja wao, tutamuita Mama Sambaza juu wote tunamuita hivyo, akasema "sawa watoto, rembesheni", akajitwisha beseni lake akaenda.

Tulilipa kamioni kutoa takataka. Tulilipa watu kusawazisha sehemu ndogo ya mgongo, na hapo ndipo sehemu kubwa ya pesa ilikwisha, juu lava haisawazishwi na jembe. Tukaweka mabenchi manne ya sima (saruji), tukapanda miti kumi na miwili, tukazika mapine ya gari nusu ndani ya mawe tukayapaka rangi, na tukasimamisha plaki kubwa ya Kifaransa yenye logo tatu. Siku ya kufungua kulikuwa fanta na hotuba.

Miezi minne tu. Miti ilipandwa kwenye mashimo yenye udongo beseni moja moja, na mu Goma udongo unanunuliwa, unaletwa na kamioni, beseni moja juu ya jiwe haliwezi kushika maji. Kiangazi kilipofika, mwezi wa sita na wa saba, yote ilikauka isipokuwa mmoja, ule uliokuwa karibu na mahali mama mmoja alikuwa anamwaga maji ya kuosha sahani. Mapine yaliondoka moja moja usiku, pine ya zamani ni viatu, ni kamba, ni pesa. Plaki ikawa mlango wa choo cha mtu, hiyo nimeiona kwa macho, logo bado zinaonekana. Na takataka zikarudi, safari hii zikaanzia kwenye mabenchi, juu mabenchi yalikuwa fasi nzuri ya kusimama unarusha.

Kwenye ripoti tuliandika "ukosefu wa uhamasishaji wa jamii". Bongo tupu. Ukweli ni kwamba tuliwaondoa watu pekee waliokuwa na sababu ya kukaa pale kutoka asubuhi hadi jioni, kisha tukashangaa hakuna anayechunga. Mama anayeuza sambaza hawezi kukubali mtu amwage uchafu mbele ya beseni lake, si juu anapenda mazingira, juu nzi wakija hauzi. Polisi yule hakuhitaji mshahara, na sisi ndio tulimfukuza.

Sasa hapa ndipo kisa kinageuka, na hakuna mtu wa komite aliyefanya kitu.

2020 korona ilikuja, shule zikafungwa mwezi wa tatu, mpaka wa Gisenyi ukafungwa, na Birere ambayo inaishi na mpaka ule ikalala. Vijana waliokuwa wanabeba mizigo ya kuvuka wakabaki nyumbani. Wachache wao wakachukua nyundo wakaenda kwa makoro. Mgongo ule tuliolipa ili utolewe, wao waliutazama wakaona pesa: unavunja jiwe, makubwa unauza kama mawe ya msingi na ya ukuta, madogo unaponda yanakuwa kokoto, mjenzi anakuja na brueti (toroli) au chukudu ananunua palepale. Hakuna aliyewapa otorizasio (ruhusa). Walianza wawili, baada ya wiki tatu walikuwa zaidi ya kumi. Ili wafikie jiwe ilibidi waondoe takataka kwanza, wakaziondoa bure. Proje yetu ililipa kwa kila hatua, wao kila hatua iliwalipa.

Mahali pa watu kumi wanaopiga nyundo panahitaji chakula. Mama Sambaza alirudi wiki ya pili. Hakuomba mtu. Akaja mwingine na chai na mandazi, mwingine na maharagwe na fufu. Motari nao wakarudi juu kokoto inahitaji kusafirishwa, na motari akikaa pale anataka kivuli, ndio wakafunga turubai kwenye ule mti mmoja uliopona. Ndani ya mwaka mmoja hivi mgongo ulikuwa umeshuka, sehemu kubwa imekuwa sawa na barabara, na watoto wakaanza kupiga mpira kwenye ile sehemu iliyokwisha kuvunjwa.

Sisemi vijana hao walikuwa malaika. Walichimba upande mmoja wakapita kiasi wakaacha shimo, mtoto mmoja akavunjika mkono. Mzee mmoja wa avenyu akasimama akakataza kuchimba chini zaidi, akasema shimo linaweza kukusanya mazuku. Murara si kama Lac Vert au Mugunga ambako hewa ile mbaya inalala kwenye mabonde na kuua mbuzi na watu asubuhi, na vijana walimcheka, lakini mzee alipona volkano ya 1977 na ya 2002, huwezi kubishana naye sana. Wakajaza shimo. Pia kulikuwa kelele kutoka saa kumi na mbili asubuhi na vumbi kwenye nguo zilizoanikwa. Ugomvi wa kweli ulitokea, wa matusi.

Na ugomvi mu Goma haukawii kuvaa nguo za kabila. Avenyu zetu ziko na Wanande, Wahunde, Washi, Wahutu, Watutsi, Wanyanga, watu waliokimbia Masisi na Rutshuru miaka tofauti na hawakurudi, kila mmoja na mutwalite yake (chama cha kabila lake). Mtu akasema vijana wa nyundo ni wa upande fulani wanataka kuchukua uwanja. Haikuwa kweli, walikuwa mchanganyiko, lakini ilitosha kuharibu mikutano miwili. Wa kwanza ulipendekeza kila kabila itoe mjumbe, jambo linaloonekana la haki, na ndilo lilikuwa karibu kutuua, juu kuanzia siku ile kila beseni la udongo likawa swali la "wa nani". Shefu wa avenyu moja, mama mkavu hivi asiyependa maneno, ndiye aliyelikata. Akasema uwanja unapakana na avenyu nne, basi kila avenyu itachunga wiki moja kwa mwezi, funguo na fagio vinahama Jumapili jioni, na anayeishi kwenye avenyu ni wa avenyu, hatutaki kujua babu yake alizaliwa wapi. Nilikuwa pale nikafikiri hiyo haitadumu. Imedumu. Mkutano ulikuwa kwa Kiswahili, niongeze hiyo, na kwa mara ya kwanza mama wauzaji waliongea kuliko sisi tuliosoma.

Pesa ilitoka kwao. Wale mama walikuwa tayari na likirimba yao, kila mmoja anatoa kidogo kila siku na mmoja anapokea. Wakaongeza jina moja kwenye orodha, jina la "Uwanja". Zamu ya Uwanja ikifika, pesa inanunua kitu. Zamu ya kwanza ilinunua udongo, kamioni nzima safari hii, si beseni. Vijana wakatoa mawe bure wakajenga ukuta mfupi kuzunguka, bila sima, jiwe juu ya jiwe, urefu wa kukalia. Ukuta ule ndio benchi, na ndio mpaka pia. Zamu nyingine ilianza choo, choo cha kupanda ngazi kama vyoo vingi vya huku kwetu juu ardhi haichimbiki, na choo kikawa ndio kitu kigumu kuliko vyote. Nani anashika funguo, anayelipa alipe nani, je mama muuzaji alipe kila mara? Walijaribu bure, kikachafuka siku tatu. Wakajaribu kulipisha wote, watoto wakaenda nyuma ya ukuta. Leo watoto na wauzaji bure, mpita njia analipa, na bado kila mwezi kuna kesi. Nikisikia mtu anaongea uwanja wa umma bila kuongea choo, najua hajawahi kuchunga hata mmoja.

Halafu 2021. Tarehe 6 ya mwezi wa tano état de siège (utawala wa kijeshi) ikaanza Kivu ya Kaskazini na Ituri, wanajeshi na polisi wakachukua ofisi za raia. Tarehe 22 usiku Nyiragongo ikapasuka tena. Lava ilisimama upande wa Buhene, karibu kabisa na kiwanja cha ndege, lakini siku zilizofuata ardhi ilitikisika usiku na mchana, na tarehe 27 wakatuambia kartie kumi kati ya kumi na nane zihame, Murara ndani. Tukaenda Sake, tukaenda Gisenyi, wengine Bukavu kwa meli.

Tuliporudi mwezi wa sita, ukuta wetu ulikuwa umeanguka sehemu mingi, kitu cha kawaida, mawe yasiyo na sima. Kisichokuwa cha kawaida ni kwamba upande wa kaskazini kulikuwa vijiti vinne na kamba. Mtu alipima parseli ndani ya uwanja wakati sisi tumekimbia volkano! Alikuwa na karatasi, yenye muhuri. Karatasi ilitoka ofisi gani sitaingia hapo.

Hapa niseme sheria kidogo juu wengi wanaogopa karatasi. Sheria ya ardhi ya Kongo ni ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, na inasema ardhi yote ni ya Serikali. Lakini ardhi ya Serikali iko na sehemu mbili, na ile iliyo kwa matumizi ya watu wote haiwezi kupewa mtu binafsi mpaka kwanza itolewe rasmi kwenye matumizi hayo. Maana yake muhuri wa parseli peke yake hautoshi. Swali la kumuuliza mwenye vijiti si "karatasi yako iko wapi?", anayo. Swali ni "karatasi iliyoutoa uwanja kwenye mali ya watu wote iko wapi?" Hiyo hakuwa nayo. Uzuri wa swali hilo ni kwamba hata mama asiyejua kusoma aliweza kulirudia, na walilirudia kila aliyetumwa alipokuja.

Lakini nisidanganye kwamba ni sheria iliyotuokoa. Yalikuwa maji. Lava ya 2021 iliharibu tangi na mabomba upande wa Buhene na sehemu kubwa ya mji ikakauka, watu wakarudi kwenye bidoni (madumu) za maji ya ziwa na uoga wa kolera. Mashirika yakatafuta fasi za kuweka matangi ambapo kamioni inaweza kuingia na watu kupanga mistari. Katika avenyu zetu fasi tupu na tambarare ilikuwa moja tu. Tangi likawekwa palepale, hatua chache kutoka kwenye vijiti, na kwa wiki nyingi watu mamia walipanga bidoni zao ndani ya ile "parseli". Siku moja vijiti havikuwepo. Nafikiri viliwashwa chini ya sufuria ya mtu. Hata watu waliokuwa wanalalamika juu ya vumbi la nyundo waliacha kulalamika, juu wote walikunywa pale.

Tangu hapo kuna miti mingi iliyoshika, avokado mbili na grevilea kadhaa. Vijana wa nyundo wengi wameondoka juu jiwe limekwisha, na hilo ni tatizo ambalo hatukulifikiria: wateja wa chai walikuwa wao. Mama wawili waliacha kuuza. Jumamosi kuna mpira, jioni kuna wazee wa kete. Karatasi ya kuandikisha uwanja rasmi tuliipeleka kwanza kwa meri (ofisi ya meya) ya kiraia, ikarudi mwanzo wakati wa état de siège, na tangu waasi wa M23 walipochukua mji mwezi wa kwanza 2025, mama shefu ameiweka ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda chake anasubiri.

Mwaka uliopita asubuhi moja tulikuta kontena ya chuma imewekwa kona ya kusini, imefungwa kufuli kubwa. Ni ya nani kila mtu anajua na hakuna anayesema. Avenyu iliyokuwa na zamu ilifagia mpaka kwenye miguu yake ikaishia hapo. Saa sita jua likiwa kali ina kivuli kizuri, Mama Sambaza ndiye wa kwanza kuhamishia beseni lake pale, na mwavuli wake ameutundika kwenye ile kufuli.